Mshale Uliogeuzwa Mara Mbili

"Simama wima, mdogo wangu. Ukiendelea kujinyonganyonga nitakuchoma pini, na leo sitaki imwagike damu nyingine isipokuwa ya yule mwanamume."

Dada mkubwa alikuwa nyuma ya Sindano, pini amezibana midomoni, lakini huyu hata ungemfunga mdomo kwa kitambaa maneno yangetafuta pa kutokea. Alikuwa fundi cherehani. Suruali aliyokuwa akiipunguza kiuno ni ile nyeusi ya kuchezeshea mechi, ambayo zamani ilimkaa Sindano sawasawa, kabla mapenzi hayajamkondesha.

"Sijinyonganyongi, dada. Nina hasira tu."

"Hasira ni mali. Usiimalizie njiani. Haya, niambie tena utafanya nini."

"Nitamwacha aseme. Aimalize hoja yake yote, wampigie makofi. Halafu nitanyoosha mkono."

"Na utasema?"

"Nitaomba mtoa hoja aturushie mpira."

Dada mkubwa alicheka mpaka pini moja ikamtoka. "Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nenda, mama. Na ukirudi na machozi usinipigie hodi."

Tuelewane mapema, msomaji, maana kisasi hiki hakina ladha kwa asiyejua kilipikwa kwa moto gani. Kwenye mpira wa kikapu, wachezaji wawili wakiung'ang'ania mpira kwa pamoja na hakuna anayekubali kuachia, mwamuzi hupuliza filimbi. Zamani aliurusha juu katikati yao, wakaurukia. Siku hizi hutazama meza ya maofisa, palipo na mshale mwekundu. Timu inayoelekezewa mshale hupewa mpira, kisha mshale hugeuzwa ili zamu inayofuata iwe ya wenzao. Na wakati wa mapumziko, kwa kuwa timu hubadilishana vikapu, mshale nao lazima ugeuzwe. Mara moja tu.

Misimu mitatu nyuma, fainali ya kina dada, Sindano alikuwa mwamuzi mkuu. Wachezaji walimpa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa sababu filimbi yake ikilia lazima mtu achomeke. Siku za kazi aliuza miwani, na mashabiki waliomzomea "Refa, kavae miwani!" aliwajibu kimoyomoyo kwamba anazo dukani, za kila namba, waje wachague. Msaidizi wake siku ile alikuwa mchumba wake. Huyo walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumfokea mchezaji wala kukurupukia uamuzi.

Wakati wa mapumziko Sindano aliugeuza mshale akaenda kunywa maji. Taratibu akatoka chumbani, akadhani umesahauliwa, akaugeuza tena. Kila mmoja alikuwa anamfanyia mwenzake kazi, kama walivyozoea hata kwenye kuosha vyombo. Dakika za mwisho wasichana wawili wakaanguka chini na mpira mmoja, mshale ukaelekea kwa wasiostahili, wasiostahili wakafunga na kubeba kombe.

Chumbani walitazamana, bado wamelowa jasho.

"Mshale niliugeuza mimi," alisema Sindano.

"Mungu wangu," alisema Taratibu. "Hata mimi."

Siku chache baadaye, mbele ya kamati ya nidhamu, mwanamume huyo huyo alisema hakuugusa. Na aliyekuwa mkuu wa meza siku ile ni mama yake mzazi, aliyewafundisha kazi maofisa wote wa meza, mpaka watu wakamsahau jina na kumwita Mama Meza. Aliiona mikono yote miwili. Aliiambia kamati kwamba aliona mmoja, wa Sindano. Kamera nazo wakati wa mapumziko zilikuwa kwa mashabiki wanaokata viuno jukwaani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumbishia. Sindano akafungiwa msimu mzima, akaitwa mla rushwa mpaka dukani kwake. Taratibu akapata beji ya kimataifa. Na posa? Mama Meza alituma ujumbe kwa dada mkubwa kwamba mwanawe hawezi kuoa mwanamke anayezomewa na kila mpita njia. Taratibu hakuja hata kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya nguo hasa.

Sasa kuna jambo moja ambalo chamani hakuna aliyelijua. Taratibu alikuwa na bega bovu, la kulia. Siku za uchumba alimpandishia dada mkubwa cherehani ya chuma ghorofani, akataka kuonyesha ubavu kwa shemeji, bega likachanika. Tangu hapo mkono ule haukunyooka juu vizuri. Kwa kuwa mpira siku hizi hurushwa mara moja tu, mwanzo wa mchezo, kila alipopangiwa kurusha alimwachia mwenzake kwa tabasamu: "Rusha wewe, ndugu yangu, nami niokote baraka." Watu walidhani ni unyenyekevu. Aliyejua vizuri ni Sindano, aliyelikanda bega hilo kwa maji ya moto, jioni baada ya jioni, akalijua kila fundo.

Na leo Taratibu alikuwa anapeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa chama cha waamuzi: mshale ufutwe, warudi kurusha mpira kila wachezaji wanapoung'ang'ania.

"Anataka mshale uondoke machoni pa watu, dhambi yake iondoke nao," alisema Sindano akivuta zipu ya suruali.

"Basi mnyime," alisema dada.

*

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya kikapu, na juu ya meza ya mbele waliweka ule mshale wenyewe, mwekundu, kama mshitakiwa aliyeletwa kusikia kesi yake. Mlangoni alisimama Mama Meza akiwapokea wajumbe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho ya mama yalishuka mpaka kiunoni, yakapanda polepole. "Umepungua, binti."

"Nimepunguza vya kutupa, mama. Vilivyobaki vinanitosha."

Akapita. Shingo aliinyoosha. Alichagua kiti cha katikati, mahali ambapo mtu wa mbele akiinua uso lazima amwone, kisha akajilazimisha kutazama.

Taratibu alikuwa amekaa mbele na karatasi zake, shati limepigwa pasi, miguu mirefu imekosa pa kukaa chini ya meza. Juu ya masikio zilikuwa zimeanza mvi. Sindano alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mvi. Alijiuliza zilianza lini na nani alikuwa wa kwanza kuziona, akajikasirikia kwa kuuliza. Taratibu akainua uso. Macho yao yakakutana, na hakuna hata mmoja aliyekwepa, mpaka mwenyekiti alipokohoa.

Mwenyekiti walimwita Mzee Faulo, kwa kuwa enzi zake uwanjani hata ukipiga chafya karibu na mwenzako alihesabu faulo. "Mtoa hoja, simama," alisema. "Na usituzungushe. Njaa haina mapumziko."

Taratibu alisimama, akasema kwa ile sauti yake ya chini, ambayo Sindano alikuwa amejiapiza kwamba ameisahau.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mlinzi akipigana mpaka akaushika mpira wa mshambuliaji, kafanya kazi. Sisi tunamfanyia nini? Tunatazama mezani. Mshale ukiwa kwa mshambuliaji, tunamrudishia mpira mtu aliyezembea. Jasho la mlinzi limekwenda bure. Tena waamuzi wenyewe husahau kuugeuza, kama nilivyoandika humu. Nasema tuwape nafasi wote wawili. Mpira urushwe, waruke, mwenye kuupata aupate."

"Kweli!" alidakia fundi bomba mmoja wa mstari wa nyuma, mwamuzi wa ligi ya chini. "Mimi huo mshale siuamini. Kitu cha kugeuzwa kwa mkono kinageuzwa na mkono wowote."

Watu wakacheka, na baadhi wakageuka kumtazama Sindano. Alikuwa ameuzoea mgeuko huo wa shingo. Kila mmoja aliuandika kwenye deni la Taratibu.

Akanyoosha mkono.

"Bi Sindano," alisema Mzee Faulo.

"Ahsante, mwenyekiti. Mimi nina wasichana wafupi kwenye ligi yangu. Msichana wa kimo hiki ananyakua mpira kwa kucha na meno. Hoja hii inamwambia hongera, sasa shindana kuruka na nguzo ya umeme. Mshale haumwangalii mtu kimo. Angalau unampa zamu yake." Baadhi ya wanawake wakapiga makofi. Akangoja yaishe. "Lakini mimi si mtu wa kubisha kwa maneno. Mpira wenyewe lazima urushwe wima, katikati, juu kuliko wanavyoweza kuruka. Ukienda upande, umemwibia mtu. Kwa hiyo naomba mtoa hoja mwenyewe atuonyeshe. Ana beji ya kimataifa. Aturushie, tujifunze."

"Wazo zuri," alisema Mzee Faulo. "Leteni mpira."

Sindano alimtazama Taratibu usoni, asipitwe na kitu. Alitaka kuuona ule woga. Alitaka aone mate yakimezwa, aone macho yakitafuta mlango, asikie "rusha wewe, ndugu yangu" ikikwama kooni. Alikuwa ameingoja saa hii akiwa amelala na akiwa macho.

Taratibu hakutafuta mlango. Aliuchukua mpira, akaenda katikati ya uwanja. Vijana wawili wakasimama huku na huku tayari kuruka. Akaupandisha kwa mkono wa kulia.

Mpira ulikwenda upande kama jiwe la mtoto, ukagonga kiti cha mjumbe.

Kicheko kilianzia nyuma. Taratibu akauokota, akarusha tena. Safari hii haukufika hata kwenye paji la uso wa kijana.

"Taratibu, unapanda mahindi?" alipaza sauti fundi bomba, na ukumbi ukaangua kicheko.

Akarusha tena. Sindano aliona shavu lake likikaza pale ambapo wengine hawakuona kitu, akajua maumivu yamefika chini ya shingo, kwenye lile fundo gumu. Utamu ulimjaa kifuani. Mkuki kwa nguruwe! Acha azomewe, acha ajue sauti za watu zinavyoingia ndani ya shati zikakaa humo. Utamu ule ulikuwa wa kweli, sitamsingizia utu ambao hakuwa nao saa ile.

"Basi, mwanangu, basi," alisema Mama Meza kutoka pembeni.

Taratibu aliuweka mpira chini. "Bega langu ni bovu, mwenyekiti. Siku nyingi. Kanuni hii ikipita, mimi sitachezesha tena. Nililijua hilo wakati naandika hoja."

Kicheko kilikatika. Mzee Faulo alivua miwani yake, akaivaa tena. "Sasa mtu mzima, unajichimbia kaburi ili iweje?"

"Ninaona ni haki," alisema Taratibu, akaketi.

Mwenyekiti akatangaza mapumziko mafupi, kila mtu akanywe maji arudi kupiga kura.

*

Sindano aliingia kwenye stoo ya mipira kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na haikuwa na mtu. Alitaka kupumua. Mlango ulifunguka nyuma yake, na hakuwa na haja ya kugeuka. Hatua zile alizijua.

"Umefurahi?" aliuliza Taratibu.

"Sana. Ungekuja mapema ningefurahi zaidi."

"Nilistahili."

"Usinifanyie unyenyekevu hapa. Toka."

Hakutoka. Stoo ilikuwa nyembamba, rafu za mipira huku na huku, na mtu mrefu kama yule alilazimika kuinamisha kichwa. Harufu yake ilikuwa ile ile ya sabuni ya kufulia. Sindano alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa rafu.

"Nilijiuliza nikulipe nini," alisema Taratibu. "Mshale ndio uliokuharibia. Nikasema nitauondoa, na mimi niondoke nao. Nikinyang'anywa uwanja, tutakuwa tumelingana."

"Umejiuliza." Sindano alicheka bila furaha. "Ulikaa nyumbani kwa mama yako, ukajiuliza, ukajijibu. Mimi uliniuliza?"

"Ungenifungulia mlango?"

"Nisingefungua! Lakini ungebisha! Ungesimama pale mpaka dada yangu akumwagie maji ya kufulia, majirani wakaona, wakasema, kumbe yule mwanamke alikuwa na thamani." Sauti ilimpasuka, akaikusanya. "Wewe ulinichagulia adhabu yangu kwa kunyamaza. Leo umejichagulia yako, nzuri, ya kishujaa. Kesho watasema Taratibu alijitoa mhanga kwa ajili ya mchezo. Na mimi? Nitaendelea kuitwa mla rushwa. Umeandika kwenye hoja yako kwamba mshale husahauliwa na waamuzi. Nani alisahau, Taratibu? Mimi nilisahau?"

"Hukusahau."

"Wewe ulisahau?"

"Hapana."

"Basi mshale una kosa gani? Uligeuzwa, ukageuka. Kitu kisicho na roho kilikuwa mwaminifu kukushinda."

Taratibu alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu. "Mama alisema nikikiri, meza yake itavunjwa kwa kuniacha niugeuze mbele ya macho yake. Alisema wewe ni kijana, utainuka, yeye hatainuka. Na mimi nilikuwa naitaka ile beji. Siwezi kukwambia ilikuwa mama peke yake."

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amezoea kumsikia kichwani akijitetea. Mkono wa Taratibu ulinyanyuka, ule mzima, ukasimama hewani karibu na shavu lake, haukugusa. Sindano alihisi joto lake. Sekunde ile alitamani kuuegemea mkono ule kuliko alivyotamani kitu chochote duniani, na kwa sababu hiyo akamchukia upya.

"Shusha mkono wako," alisema. "Tukirudi ndani nitakuuliza swali moja mbele ya watu. Mama yako atakuwepo. Jibu upendavyo. Lakini ukisema uongo safari hii, nikikuona upande huu wa barabara nitavuka."

Akampita kwa ubavu, kwa kuwa nafasi haikuruhusu vinginevyo. Nje ilibidi asimame kidogo akishika ukuta.

*

"Kabla ya kura," alisema Sindano, bado amesimama wakati wengine wameketi, "nina swali kwa mtoa hoja. Ameandika kwamba mshale husahauliwa. Kila mtu humu anajua fainali gani inasemwa. Naomba aseme: siku ile, wakati wa mapumziko, nani aliusahau mshale?"

Taratibu alisimama.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mama Meza. Hakupaza sauti. "Hilo liliisha kwenye kamati."

"Halikuisha, mama."

"Nimekulea peke yangu. Meza hii imekusomesha. Damu nzito kuliko maji. Kaa chini."

Taratibu alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kwa upendo, na Sindano akaona jibu linayumba. Haya, alijisemea, ndivyo alivyo, na ndivyo atakavyokufa.

"Hakuna aliyesahau," alisema Taratibu. "Sindano aliugeuza kama ipasavyo. Mimi nikaja nyuma yake, nikaugeuza tena. Aliyekosea ni mimi. Aliiambia kamati ukweli wote, nami nikamkana. Hakula rushwa ya mtu. Msimu aliofungiwa ulikuwa wangu mimi."

Mama Meza alijifunika uso kwa kitambaa. Ukumbi ulichemka. Wapo waliosimama, wapo waliopiga kelele, na Mzee Faulo alilazimika kupuliza filimbi ndani ya nyumba.

"Utafungiwa, bwana," alisema alipopata kusikika. "Msimu mzima, kama mwenzako. Na beji hiyo utaiandikia barua mwenyewe kuirudisha. Mama Meza, wewe na mimi tutazungumza, na hutayapenda mazungumzo."

Fundi bomba alisimama nyuma, kofia mkononi. "Bi Sindano, mimi nilikuja dukani kwako nikakuita mla rushwa mbele ya wateja. Na bado ukaniuzia miwani."

"Nilikuuzia namba isiyo yako," alisema Sindano.

"Ndiyo maana!" alisema fundi bomba, akaivua akaitazama, na ukumbi mzima ukacheka. Sindano alicheka pia, kisha machozi yakamtoka palepale, na hakuyaficha. Jina lake lilikuwa limerudi. Alikuwa amedhani litarudi na tarumbeta. Lilirudi kimya, naye akaketi.

Mama Meza alikuja akainama karibu naye. "Binti yangu. Nilikuwa mzazi."

"Najua, mama. Siku ile nilikutazama wewe. Nilisema moyoni, yule ni mzazi, atasema."

Alikwenda zake polepole, na Sindano hakumwita.

"Kura!" alisema Mzee Faulo. "Hoja bado ipo mezani. Wanaotaka mshale ufutwe, mikono juu." Akahesabu. "Wanaotaka ubaki." Akahesabu tena, akakunja uso. "Mmelingana. Na kuna mtu hajanyoosha mkono. Bi Sindano, umelala?"

Hakuwa amelala. Alikuwa anamtazama Taratibu, na Taratibu alikuwa anatazama sakafu, akingoja. Sasa upanga wote ulikuwa mkononi mwake. Akisema mshale ufutwe, kifungo cha msimu kikiisha Taratibu hatakuwa na pa kurudi. Mtu asiyeweza kurusha mpira hana kazi kwenye uwanja wa kurusha mpira kila mara. Angemmaliza kabisa. Dada yake angempigia vigelegele mpaka ghorofa ya juu. Mtenda akitendewa huhisi kaonewa, lakini huyu asingehisi hata hivyo. Angekwenda kimya na mvi zake, na usiku wa mechi asingekuwepo mahali popote ambapo Sindano angeweza kumwona.

"Ubaki," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Mshale ubaki, mwenyekiti. Hauna kosa."

Hoja ikaanguka. Viti vikaanza kuburutwa.

*

Alimkuta nje kwenye ngazi, beji ameshaibandua kifuani, ameishika kwenye kiganja. Jua lilikuwa kali, na vijana wa shule walikuwa wanapiga mpira upande wa pili wa ukuta.

"Sikuelewi," alisema Taratibu. "Umeniumbua mbele ya watu. Umenifungisha. Mama hanisemeshi. Ilibaki unyanyue mkono tu, ungekuwa umenimaliza. Kwa nini hukunimaliza?"

Sindano alishuka ngazi moja ili macho yao yawe sawa. Alizitazama zile mvi kwa karibu, bila haraka, kama mtu anayekagua kitu chake kilichorudishwa na mharibifu.

"Umenisamehe?" aliuliza Taratibu kwa sauti ya kuogopa.

"Hata kidogo."

"Sasa kwa nini?"

"Nikikumaliza leo," alisema Sindano, akipita kuelekea barabarani, "kesho nitamlipizia nani?"